Mali Bila Daftari: Kasha la Babu wa Msambweni

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii hufundishwa tangu madarasa ya chini, na aghalabu mwanafunzi huikariri pasi na kujiuliza: je, daftari lenyewe likipotea itakuwaje? Wahenga hao hao walisema pia kwamba akiba haiozi. Hapa ndipo penye utata. Akiba yenyewe huenda isioze, lakini karatasi inayoishuhudia huoza, hulowa, hufifia na huliwa. Katika pwani ya kusini ya Kenya, kuanzia Waa na Tiwi, kupitia Diani na Gazi, hadi Msambweni na Vanga, upepo wa bahari hubeba chumvi, makuti huvuja wakati wa masika, na mchwa hawabagui kati ya nguzo ya nyumba na hatimiliki ya shamba.

Babu anayehusika na kisa hiki ni mzee wa Kidigo, mkaazi wa kijiji kimoja cha Msambweni. Kwa muda wa miaka 30, tangu 1978 hadi 2008, alikuwa mpishi katika hoteli za ufuo wa Diani. Alidamka kabla ya adhana ya alfajiri, akapanda matatu hadi Ukunda, akapika mayai ya watu asiowajua majina, akarejea jua likizama. Kazi ilikatika mapema mwaka 2008, wakati ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 zilipowafukuza watalii na hoteli nyingi zikabaki na vitanda vitupu. Aliondoka na sare mbili, kisu chake cha jikoni, na bahasha moja ya karatasi.

Bahasha hiyo aliitia ndani ya kasha la mbambakofi alilorithi kwa marehemu babake, akalisukuma uvunguni mwa kitanda. Humo mlikuwa na kila kitu kilichoweza kuthibitisha kwamba mzee huyu aliwahi kuishi, kufanya kazi na kumiliki: kitambulisho chake cha kwanza, vitabu viwili vya benki, stakabadhi za ada za watoto wake, barua za kuajiriwa, hatimiliki ya kipande cha ardhi chenye minazi, daftari la madeni, na hati za mshahara zilizofungwa kwa uzi. Zote alizifunga katika mfuko wa nailoni wa zamani, wa kabla ya Agosti 2017 ambapo mifuko ya aina hiyo ilipigwa marufuku nchini. Alidhani nailoni ni ngao. Hakujua kwamba katika joto la pwani nailoni hutoa jasho kama binadamu, na jasho hilo hunywewa na karatasi.

Mjukuu wake, binti anayesoma Kiswahili chuo kikuu, alirudi nyumbani masika ya mwaka 2024, mwaka ambao mvua ilifurisha sehemu nyingi za Kenya. Alimkuta babu ameketi barazani, na mkononi ana taarifa iliyochapishwa kutoka mfuko wa akiba ya uzeeni.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mke wangu," akajibu mzee kwa utani wa babu na mjukuu. "Njoo unisomee. Macho yangu yamechoka na vitarakimu hivi."

Binti akasoma. Akasoma tena. Michango ya mzee ilionekana mwaka baada ya mwaka, isipokuwa pengo moja: tangu Januari 1993 hadi Desemba 1995 hapakuwa na kitu. Miezi 36 ilikuwa tupu, kana kwamba katika miaka hiyo mzee hakuamka, hakupanda matatu wala hakupika. Mwajiri wa miaka hiyo alimkata mchango kila mwisho wa mwezi. Hilo mzee alilikumbuka vyema, kwani kila mwezi mkewe alilalamikia makato. Lakini hoteli hiyo ilikwisha kufungwa, jengo limebadilisha wenyewe, na vitabu vyake vya hesabu havijulikani viliko. Shahidi aliyesalia alikuwa mmoja tu: zile hati za mshahara zilizofungwa kwa uzi.

Kasha likavutwa kutoka uvunguni. Lilipofunguliwa, harufu ya udongo ilitangulia kutoka. Mchwa walikuwa wamepanda kwa mguu wa kitanda, wakatoboa kona ya kasha, wakaingia chini kabisa, mahali palipokuwa na karatasi za kale zaidi. Babu na mjukuu wakaketi mkekani, wakazitenganisha hati moja moja kwa ncha ya kisu cha jikoni. Walipomaliza kuhesabu, kati ya hati 36 zilizotakiwa, 22 zilisomeka, 5 zilisomeka nusu, na 9 zilikuwa vumbi. Mzee hakusema neno. Alilichukua vumbi lile kwa kiganja, akalitazama, akalirudisha ndani ya kasha.

Msomaji anaweza kudhani kwamba hilo ni jambo la nyumba moja. Sivyo. Historia ya ukanda huu ni historia ya karatasi, na zaidi ya waliokosa karatasi. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya hatimiliki za ardhi iliyowataka wenye madai ya ardhi pwani wayawasilishe na kuyathibitisha. Ardhi ambayo haikudaiwa kwa utaratibu huo ilihesabiwa kuwa ya Mfalme wa Uingereza. Wakaazi wengi walijua mipaka yao kwa minazi, miembe na makaburi ya wazee wao. Kwao mnazi ulikuwa shahidi wa kutosha. Sheria ilimtaka shahidi aliyeandikwa. Hata leo, zaidi ya karne moja baadaye, vipo vizazi vinavyoitwa maskwota juu ya udongo walimozikwa mababu zao.

Mfano wa karibu zaidi ni ule wa Wamakonde, ambao wazee wao walikuja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na ya miwa, hasa huko Ramisi. Kwa miongo mingi waliishi Kwale bila vitambulisho vya taifa. Asiye na kitambulisho hawezi kufungua akaunti ya benki wala kusajili laini ya simu kwa jina lake, hivyo hata alipochuma, chumo lake lilikaa chini ya jina la mtu mwingine. Oktoba 2016 walifunga safari ya miguu kutoka Kwale kuelekea Nairobi kudai haki hiyo, na mwaka huo huo serikali ikawatambua. Wapemba wanaoishi katika vijiji vya wavuvi vya pwani walisubiri hadi mwaka 2023. Kwa watu hawa, kusema kwamba karatasi ni karatasi tu ni kejeli.

Tangu M-Pesa ilipoanzishwa Machi 2007, na mfumo wa eCitizen ulipofuata mwaka 2014, sehemu kubwa ya ushahidi wa mali imehama kutoka kasha kwenda kwenye simu na kompyuta. Mvuvi wa Gazi hulipwa kwa simu. Mwalimu wa Lunga Lunga hupata taarifa yake ya benki kwa barua pepe. Usajili wa ardhi nao umeanza kuhamia mtandaoni kupitia mfumo wa Ardhisasa uliozinduliwa Nairobi Aprili 2021. Hata hivyo, kuhama huku kumewaacha nyuma wale ambao maisha yao yote yaliandikwa kwa wino. Wao ndio wanaohitaji kujua jinsi ya kuivusha mito miwili kwa pamoja: kuiokoa karatasi isioze, na kuilinda nakala yake isiibwe.

Usiku ule, taa ikiwaka mkekani, binti alipiga picha kila hati iliyosalia kwa simu yake. Alichagua programu inayonyoosha pembe za karatasi na kuzifanya picha kuwa faili moja inayoweza kuchapishwa. Kila faili aliipa jina linaloanza na mwaka na mwezi, kisha aina ya hati, ili siku ya kutafuta isiwe siku ya kubahatisha. Alizianza zile 5 zilizosomeka nusu, maana ndizo zilizokuwa katika hatari kubwa zaidi. Alizilaza juu ya kitambaa cheupe, akazimulika kwa upande, na baadhi ya tarakimu zilizofifia zikajitokeza kama nyayo mchangani wakati wa maji kupwa.

Kazi hiyo ilikwenda vizuri hadi alipoanza kueleza mahali zitakapowekwa. "Babu," akasema, "nitazihifadhi kwenye wingu."

Mzee akacheka kicheko kisicho na furaha. "Wingu? Wewe mjukuu, wingu huja na kusi, likaondoka na kaskazi. Na likikaa, hunyesha. Siri zangu zinyeshee watu wa Ukunda?"

Binti alijaribu tena. Alisema nywila, akasema usimbaji, akasema seva, msamiati wote alioupata darasani na ambao aliutetea kwa bidii katika mijadala ya chama chao. Maneno hayo yalifika barazani yakasimama mlangoni kama wageni wasiobisha hodi. Si kwamba ni maneno mabaya. Ni kwamba mzee hakuwa na mahali pa kuyaketisha.

Na mzee alikuwa na sababu nyingine ya kukataa, sababu ambayo hakuna msamiati ungeiondoa. Kijana mmoja wa bodaboda, jirani yake, alikuwa amemtumia mtu asiyemjua picha ya kitambulisho chake, pande zote mbili, kwa ahadi ya mkopo wa haraka. Mkopo hakuupata. Baadaye alipigiwa simu akidaiwa deni asilolichukua. "Picha ndiyo iliyomponza," akasema mzee. "Karatasi yangu ikiliwa na mchwa, nimepata hasara ya karatasi. Picha yangu ikiliwa na mwizi, nimeliwa mimi."

Hoja hii ni nzito kuliko inavyoonekana. Nakala ya kidijitali ina sifa mbili zinazopingana: haiozi, na huzaana. Karatasi ikiibwa, mwenyewe huiona nafasi iliyoachwa wazi ndani ya kasha. Faili ikiibwa, hubaki palepale, na mwenyewe hana habari. Ni mali yenye daftari, iliyopotea bila habari vilevile. Kwa hiyo anayetuma picha za hatimiliki katika kundi la soga, au anayechanganua vitambulisho saiba na kuziacha faili katika kompyuta ya mwenye duka, hajahifadhi kitu. Amegawa funguo njiani. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inampa Mkenya haki juu ya taarifa zake na imeunda afisi ya kamishna wa kuzilinda, lakini sheria humfikia mwizi baada ya wizi.

Binti alilala na hoja ile. Asubuhi, baada ya chai na mahamri, aliiacha lugha ya kitabu akashika lugha ya nyumba. "Babu, hili kasha lina kufuli?"

"Lina."

"Ufunguo anao nani?"

"Mimi mwenyewe, na nyanya yako alijua unapowekwa."

"Na ukitaka kuweka kitu kizito zaidi, ambacho hata mwenye ufunguo mmoja asikifungue peke yake?"

Mzee akafikiri. "Nitatia kufuli mbili, funguo nitawapa watu wawili."

"Basi ndivyo ninavyotaka kufanya. Kasha ni lile lile. Nataka tu kulijengea ndugu zake."

Kutoka hapo mazungumzo yalitiririka. Faili zilifungwa kwanza kwa ufunguo kabla ya kupelekwa popote, hivi kwamba hata mwenye nyumba zilikowekwa aone fumbo tupu. Kufuli ya kwanza ilikuwa neno la siri. Binti hakutaka liwe mwaka wa kuzaliwa wala jina la mtoto, kwani hayo kijiji kizima kinayajua. Mzee alichagua maneno manne yasiyohusiana, kutoka jikoni alikofanya kazi na shambani anakolima sasa. Ni marefu, kwa hiyo ni magumu kubahatishwa; ni yake, kwa hiyo ni rahisi kukumbukwa. Kufuli ya pili ilikuwa uthibitisho wa hatua mbili: anayelijua neno bado hawezi kuingia mpaka apate namba nyingine inayotolewa kwenye simu ya mwenyewe. Laini ya simu nayo ikafungwa kwa pini, maana mwizi anayeiteka laini huziteka na namba zinazotumwa kwayo.

Wakaafikiana pia kwamba nakala moja si nakala. Watunzaji wa kumbukumbu huhimiza nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja iwekwe mbali na nyingine. Kwa hiyo kasha lilibaki na karatasi zenyewe, safari hii katika jalada kavu, limeinuliwa juu ya matofali mbali na ukuta, bila nailoni. Nakala ya pili ilitiwa katika diski mweko na kupelekwa kwa shangazi yake binti huko Tiwi, ili moto au mafuriko ya nyumba moja yasizimalize zote. Diski hizo nazo hufa bila kuaga, kwa hiyo shangazi aliombwa aifungue kila Mfungo Mosi, baada ya Idi, kuhakikisha kwamba inasoma. Nakala ya tatu ndiyo iliyopanda lile wingu, ikiwa imefungwa.

Mzee aliuliza swali moja ambalo watu wengi wenye kompyuta hawajiulizi. "Nikifa?"

Kimya kikapita. Swali hilo ndilo kiini cha jambo zima. Kasha lisilo na ufunguo huvunjwa kwa shoka. Faili iliyofungwa vyema haivunjiki, na mwenyewe akifariki na neno lake, warithi hubaki nje milele. Kenya ina sheria ya mwaka 2011 inayohusu mali za kifedha zisizodaiwa, na mamlaka inayozipokea fedha ambazo wenyewe hawakujitokeza. Kuwapo kwa chombo hicho peke yake kunatosha kuonyesha ni wangapi walioweka akiba na kuondoka bila kumwachia mtu habari.

Mzee alijibu swali lake mwenyewe. Alikumbusha kwamba aya ndefu kuliko zote katika Kurani, ya 282 katika sura ya Al-Baqara, inahusu deni: liandikwe, na washuhudie watu. "Kuandika mmeandika," akasema. "Sasa mashahidi." Maneno mawili kati ya yale manne yaliandikwa katika karatasi moja, ikatiwa bahasha na kupewa shangazi wa Tiwi. Mawili yaliyosalia alipewa kakake mzee, anayeishi Gazi. Nambari za dharura za kufungulia kufuli ya pili, zile ambazo mfumo humpa mwenyewe asije akafungiwa nje simu ikipotea, zilibaki ndani ya kasha. Hakuna mmoja anayeweza kufungua peke yake. Wote wakikutana, hata matangani, wataweza.

Kuna mambo ambayo nakala haiwezi kuyafanya, na ni vyema yasemwe waziwazi. Picha ya hatimiliki si hatimiliki. Anayeipoteza hati yenyewe hulazimika kufuata utaratibu wa Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012, pamoja na tangazo katika Gazeti rasmi la serikali la muda usiopungua siku 60, kabla ya kupewa nyingine. Hata hivyo, aliye na picha anayo namba ya shamba na tarehe, naye huanza safari akijua aendako. Wosia uliotiwa sahihi nao hutunzwa wenyewe. Mahakamani, Sheria ya Ushahidi, katika kifungu cha 106B, inaikubali kumbukumbu ya kielektroniki ikiambatana na cheti kinachoeleza jinsi ilivyotolewa. Na kwa hati za kodi, sheria ya mwaka 2015 inataka zitunzwe kwa miaka 5. Miaka hiyo huonekana mingi kwa aliye na mfuko wa nailoni, na michache kwa aliye na mpango.

Wiki tatu baadaye babu na mjukuu walipanda matatu kwenda kuwasilisha madai. Mzee alibeba jalada la hati zenyewe. Binti alibeba nakala zilizopangwa mwezi kwa mwezi. Afisa aliyewapokea alizilinganisha moja moja. Hati 22 alizikubali. Zile 5 zilizosomeka nusu alizitazama kwanza katika karatasi, hakuziona vizuri, kisha katika picha zilizomulikwa kwa upande. Akaziweka kando zichunguzwe. Kuhusu zile 9 aliuliza kwa upole kama ipo nakala popote, kwa ndugu, kwa chama cha wafanyakazi, popote.

"Hakuna," akasema mzee.

Njiani kurudi, matatu ilipopita Diani, mzee alitazama upande wa bahari ilikokuwa hoteli yake ya zamani. Miezi tisa ya kudamka alfajiri haikuwa na shahidi tena duniani. Hakulalamika. Walipofika nyumbani alilifungua kasha, akatoa lile daftari la madeni, lenye majina ya waliomkopesha na aliowakopesha tangu ujana wake, wengine wao wakiwa wamekwisha kufariki. Hakuna afisi iliyoliulizia.

"Hili nalo," akamwambia mjukuu wake. "Leo, kabla ya Magharibi."

Binti akalitandaza daftari mkekani, akafungua ukurasa wa kwanza, akawasha taa ya simu.